Anna May Wong: Mwigizaji aliyekufa ili wengine waoane

Katika filamu za mapenzi zilizotengenezwa Hollywood katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, mtazamaji mzoefu hakuhitaji kungoja mwisho ili ajue nani angebaki hai. Ilitosha kuangalia nani amebusiwa. Mwanamke aliyebusiwa na shujaa aliolewa naye. Yule mwingine, aliyempenda shujaa huyo huyo lakini hakuruhusiwa kumgusa, aliondolewa njiani kabla taa za ukumbi hazijawashwa.

Anna May Wong alikuwa mwanamke huyo mwingine kwa karibu miaka 20. Alizama baharini, alijichoma kisu, alimeza afyuni kupita kiasi, aliuawa na mpenzi mwenye wivu. Mwenyewe aliwahi kufanya mzaha kwamba kaburi lake lingestahili kuandikwa kuwa marehemu alikufa mara elfu moja. Alikuwa Mmarekani wa kwanza mwenye asili ya China kuwa nyota wa filamu wa kimataifa, na sura yake ilijulikana Berlin, London, Paris na Shanghai. Lakini filamu ambazo ndani yake alipendwa na akabaki hai ni za kuhesabu, na zile za Hollywood zilikuwa za bajeti ndogo.

Binti wa dobi

Alizaliwa tarehe 3 Januari mwaka 1905 mjini Los Angeles, akapewa jina la Wong Liu Tsong. Baba yake, Wong Sam Sing, alikuwa dobi. Mama yake aliitwa Lee Gon Toy. Wazazi wote wawili walizaliwa California, kwa hiyo binti yao alikuwa Mmarekani wa kizazi cha tatu, jambo ambalo familia nyingi za Wazungu wa mji huo mchanga hazikuweza kujivunia.

Uraia huo ulikuwa na mipaka yake. Tangu mwaka 1882 sheria ya Marekani ilizuia vibarua wa Kichina kuingia nchini, na sheria hiyo haikufutwa hadi mwaka 1943. Na mwaka ule ule aliozaliwa Anna May, bunge la California lilirekebisha kanuni za ndoa ili kubatilisha ndoa yoyote kati ya Mzungu na mtu wa asili ya Kichina au ya mataifa jirani ya Asia. Mahakama Kuu ya California iliitengua kanuni hiyo mwaka 1948. Wakati huo Bi Wong alikuwa na umri wa miaka 43, na hakuwa ameolewa. Hakuolewa kamwe.

Shuleni alitaniwa na kusumbuliwa. Kwa maelezo yake mwenyewe, mvulana aliyeketi nyuma yake alikuwa akimchoma kwa pini ili aone kama Wachina nao huumia. Wazazi walimhamishia shule ya misheni ya Wachina. Jioni alisaidia kupeleka nguo zilizofuliwa kwa wateja, na senti alizopewa kama bakshishi aliishia nazo sinema.

Miaka hiyo kampuni za filamu zilikuwa zikihama kutoka New York kuja Los Angeles, na mtaa wa Wachina ulikuwa mahali rahisi pa kupigia picha hadithi za Mashariki ya Mbali. Msichana huyo alitoroka shule na kusimama nyuma ya kamera, akiwauliza maswali mafundi hadi wakamzoea. Akiwa na miaka 11 alikuwa ameshajibunia jina la jukwaani, nusu la Kiingereza na nusu la ukoo. Mwaka 1919 alipata nafasi yake ya kwanza, miongoni mwa mamia ya watu waliobeba taa katika filamu ya The Red Lantern. Baba yake hakupendezwa. Katika familia ya heshima ya Kichina, mwanamke wa jukwaani hakuwa mbali sana na mwanamke wa mtaani, na fikra hiyo ingemfuata Bi Wong hadi China kwenyewe.

Mwaka 1921 aliacha shule ya sekondari. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 17, alipewa nafasi kuu katika The Toll of the Sea, moja ya filamu ndefu za mwanzo kabisa za rangi, zilipokuwa bado zinatumia rangi mbili tu, nyekundu na kijani.

Hadithi yake iliandikwa na Frances Marion, mmoja wa waandishi wa kike waliolipwa vizuri sana Hollywood, na ilifuata mkondo wa opera ya Madama Butterfly. Msichana wa Kichina anamwokoa Mmarekani kutoka baharini, wanaoana kwa mila za Kichina, mwanamume anarudi kwao bila yeye. Anaporejea miaka kadhaa baadaye, ameandamana na mke wa Kimarekani. Msichana anamkabidhi mke huyo mtoto wake wa kiume, akijifanya kuwa yeye ni yaya tu, kisha anakwenda baharini.

Wong aliigiza mambo hayo kwa utulivu ambao waigizaji wa wakati huo, waliozoea kurusha mikono na kuzungusha macho, hawakuwa nao. Wahakiki wa New York walimsifu. Sehemu ya mwisho ya filamu hiyo ilipotea baadaye, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha California walipoikarabati mwaka 1985, walichukua kamera ya rangi mbili ya zama zile wakaenda kupiga picha za mawimbi ya bahari ili kuziba pengo. Ndivyo filamu inavyomalizika katika nakala za leo: bahari, bila ya msichana.

Sheria ya busu

Inafaa kusimama kidogo hapa, kwa sababu kilichompata Wong baada ya mafanikio hayo hakielezeki kwa ubaya wa mtu mmoja mmoja.

Filamu ya mapenzi na machozi, ile ambayo Wazungu huiita melodrama, ilikuwa mali ya wanawake kuliko aina nyingine yoyote ya filamu Hollywood. Wanawake ndio waliojaza kumbi alasiri, mara nyingi wanawake ndio walioziandika, na mwanamke ndiye aliyekuwa kiini cha hadithi. Wasomaji waliokulia pwani ya Afrika Mashariki, ambako filamu za Kihindi zilijaza kumbi za Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam, wanaifahamu nguvu ya hadithi ya namna hiyo: mama anayejinyima, mke anayeonewa, mpenzi anayengoja. Katika filamu za magenge au za wachunga ng'ombe mwanamke alikuwa pambo. Katika melodrama alikuwa mtu.

Lakini si kila mwanamke. Studio ziliuza filamu zao katika majimbo ya kusini, ambako wenye kumbi na wadhibiti walikataa mapenzi ya watu wa rangi tofauti. Kanuni za maadili za Hollywood, zilizopitishwa mwaka 1930 na kutekelezwa kwa ukali kuanzia mwaka 1934, zilipiga marufuku mahusiano ya kimapenzi kati ya Wazungu na watu weusi. Maneno yake hayakuwataja Waasia, lakini studio zenyewe ziliipanua marufuku hiyo mpaka ikawafikia. Matokeo yake ni kwamba msichana wa Kichina aliweza kumpenda Mzungu kwa sababu mapenzi hayo yalileta majonzi na kuuza tiketi, lakini hadithi ilibidi itafute njia ya kumwondoa.

Palikuwa na mlango mmoja wa kuikwepa kanuni. Kama mhusika wa Kichina angeigizwa na Mzungu, basi waliobusiana walikuwa Wazungu wawili, na hapakuwa na kosa. Hivyo waigizaji wa Kizungu walipakwa rangi usoni, wakavutwa pembe za macho kwa gundi na plasta, na wakapewa nafasi kubwa za Kichina. Mwanamume wa Kiasia naye aliumia kwa njia yake. Mjapani Sessue Hayakawa alikuwa kipenzi cha wanawake wa Kimarekani katika miaka ya 1910, lakini baada yake Hollywood ilimgeuza mwanamume wa Asia kuwa mwovu mwenye kucha ndefu au mtumishi wa kuchekesha.

Kwa Wong zilibaki nafasi mbili: ua linalonyauka, au joka la kike lenye hila. Mwaka 1924 alicheza kijakazi wa Kimongolia anayemsaliti binti mfalme katika The Thief of Bagdad, filamu kubwa ya Douglas Fairbanks. Ilimpatia umaarufu duniani kote, ingawa nguo alizovaa zilikuwa chache kiasi cha kumwaibisha baba yake. Mwaka huo huo alianzisha kampuni yake mwenyewe ili atengeneze filamu za ngano za Kichina, lakini mshirika wake wa biashara hakuwa mwaminifu na kampuni ikavunjwa. Alikuwa na miaka 19. Katika mji ambao wanawake wachache mno walimiliki kampuni za filamu, na Wachina karibu hakuna, jaribio hilo linastahili kukumbukwa zaidi kuliko kijakazi wa Baghdad.

Ng'ambo

Mwaka 1928 aliondoka kwenda Ulaya. Hakufukuzwa na mtu, alichoka. Berlin ilimpokea kama ilivyowapokea wasanii wengi wa mbali katika miaka ile ya uhuru kabla ya Hitler. Mwongozaji Richard Eichberg alimtengenezea filamu ya Song, mwanafalsafa Walter Benjamin alikwenda kumhoji, na katika tafrija moja mpiga picha Alfred Eisenstaedt alimpiga picha akiwa kati ya Marlene Dietrich na Leni Riefenstahl. Njia za wanawake hao watatu zingeachana vibaya miaka michache baadaye. Wong alijifunza Kijerumani kiasi cha kuigiza kwa lugha hiyo, kisha Kifaransa. Filamu yake ya kwanza ya sauti, Hai-Tang, ilitengenezwa mwaka 1930 kwa Kiingereza, Kijerumani na Kifaransa, naye aliigiza katika matoleo yote matatu.

London ilimpa kazi bora ya maisha yake. Katika Piccadilly, filamu isiyo na sauti ya mwaka 1929 iliyoongozwa na E. A. Dupont, yeye ni Shosho, mwosha vyombo katika klabu ya usiku ya matajiri. Mwenye klabu anamkuta akicheza ngoma juu ya meza jikoni, anamfukuza, kisha anamrudisha na kumpandisha jukwaani. Jina la juu katika mabango lilikuwa la Gilda Gray, nyota Mzungu, lakini aliyeitazama filamu hiyo hutoka akimkumbuka Shosho. Huyu si msichana anayeonewa. Anajua thamani ya alichonacho, anapanga bei, na anafurahia ushindi wake.

Kuna tukio moja ndani yake ambalo linasema zaidi ya hadithi nzima. Shosho na mwenye klabu wameketi katika baa ya mtaa wa maskini mashariki ya London. Mwanamke wa Kizungu anaonekana akicheza dansi na mwanamume mweusi, na ghafla ukumbi unachafuka, wanakemewa. Wawili hao wanatazama, kila mmoja akielewa kwamba kinachokemewa pale ndicho wanachokifanya wao. Baadaye, wanapokaribiana ili wabusiane, picha inakatika. Na Shosho, kama ilivyotarajiwa, anauawa.

Ulaya basi haikuwa peponi. Ilimpa heshima, majarida na mialiko ya chakula cha jioni, lakini hadithi ilikuwa ile ile. Alipopanda jukwaani London mwaka 1929 katika tamthilia ya The Circle of Chalk, pamoja na kijana Laurence Olivier, wahakiki waliilalamikia lafudhi yake ya California. Walitaka Mchina, wakasikia Mmarekani. Alilipa mwalimu amfundishe matamshi ya Kiingereza cha wasomi, na aliporudi kwao Wamarekani walishangaa kumsikia akizungumza kama bibi wa Kiingereza.

Alirudi mwaka 1930 kwa tamthilia ya On the Spot huko Broadway, na Paramount ikampa mkataba. Mwezi Novemba mwaka huo mama yake aligongwa na gari karibu na nyumbani kwao akafariki dunia. Filamu ya kwanza ya mkataba huo ilikuwa Daughter of the Dragon ya mwaka 1931, ambamo aliigiza binti wa mwovu Fu Manchu. Alikuwa ameapa kuzikimbia nafasi kama hizo, naye aliikubali. Alilipwa dola 6,000. Warner Oland, mzaliwa wa Sweden aliyepakwa rangi ili awe Mchina na ambaye anaonekana katika filamu hiyo kwa muda mfupi tu, alilipwa dola 12,000. Wapo wanaomlaumu Wong kwa kukubali. Lakini yapasa kukumbukwa kwamba alikuwa akiwatunza ndugu zake, na kwamba katika Hollywood ya wakati ule mtu wa asili yake hakuchagua kati ya nafasi nzuri na nafasi mbaya, bali kati ya kazi na kutokuwa na kazi.

Mwaka 1932 ilitoka Shanghai Express ya Josef von Sternberg. Ndani ya treni inayotoka Peking wamo wanawake wawili wenye sifa mbaya, mmoja Mzungu na mmoja Mchina. Dietrich ndiye Mzungu, na jina la filamu ni kama lake. Lakini Wong, akiwa amevaa nguo nyeusi na kuzungumza kwa sauti ya chini, ndiye anayemuua kwa kisu mbabe wa kivita aliyembaka, na kwa tendo hilo anawaokoa abiria wote. Katika kituo cha mwisho Dietrich anapata mpenzi wake na busu lake. Wong anazungumzia zawadi ya fedha aliyoahidiwa, kisha anaondoka peke yake katikati ya umati. Angalau safari hii alikuwa hai. Magazeti ya China hayakuridhika. Yalimshutumu kwa kuwaonyesha wanawake wa Kichina kama malaya.

Busu lenyewe alilipata Uingereza, katika Java Head ya mwaka 1934, ambamo ni mke halali wa nahodha wa Kiingereza. Anakufa humo pia.

Nafasi aliyoikataa

Mwaka 1931 Pearl Buck alichapisha riwaya ya The Good Earth, kuhusu mkulima maskini wa Kichina, Wang Lung, na mkewe O-Lan. Kitabu kiliuzwa kwa wingi mno, na kampuni ya MGM ilinunua haki za kukitengenezea filamu. Kwa mara ya kwanza Hollywood ilikuwa na hadithi kubwa ambayo wahusika wake wote walikuwa Wachina, na ambayo kiini chake kilikuwa mke na mama, siyo malaya wala jasusi. Magazeti ya Los Angeles yalimtaja Wong kama mtu wa wazi wa kuigiza O-Lan, na yeye mwenyewe aliitaka nafasi hiyo kuliko kitu kingine chochote katika maisha yake ya kazi.

Nafasi ya mume ilikwenda kwa Paul Muni. Ya O-Lan ilikwenda kwa Luise Rainer, mzaliwa wa Ujerumani. Mara nyingi huelezwa kwamba kanuni za maadili zilimzuia Wong kuwa mke wa mwanamume aliyeigizwa na Mzungu. Huenda hilo lilichangia, lakini kanuni zisilaumiwe peke yao. Studio iliamini kwamba hakuna Mchina anayeweza kubeba filamu ya gharama kubwa, na wawakilishi wa serikali ya China nao hawakumtaka mtu waliyemwona kuwa ameichafua sura ya taifa lao. Wale waliomnyima nafasi nzuri na wale waliomlaumu kwa nafasi mbaya walikutana katika uamuzi mmoja.

Mwishoni mwa mwaka 1935 MGM ilimfanyia majaribio kwa ajili ya mhusika mwingine, Lotus, suria anayeivuruga nyumba ya Wang Lung. Kwa maelezo yake, alikataa. Aliwaambia watayarishaji kwamba wanamtaka yeye, mwenye damu ya Kichina, aigize mhusika pekee mbaya katika filamu ambayo Wachina wema wote wanaigizwa na watu wasio Wachina. Nafasi ya Lotus alipewa mcheza dansi kutoka Austria. Mdogo wake Anna May, Mary, alipata sehemu ndogo katika filamu hiyo. Rainer alishinda tuzo ya Oscar.

Jambo hilo halikuwa lake peke yake. Mwaka 1934 Fredi Washington, Mmarekani mweusi mwenye ngozi nyeupe, aliigiza katika Imitation of Life binti anayemkana mama yake mweusi ili aishi kama Mzungu; baada ya hapo studio hazikujua zimfanyie nini, kwani alikuwa mweupe mno kuwa mtumishi na mweusi kisheria kuwa mpenzi wa mtu. Hattie McDaniel alishinda Oscar mwaka 1940 kwa nafasi ya mtumishi katika Gone with the Wind, na usiku wa sherehe aliketishwa kwenye meza ya pembeni, mbali na wenzake wa filamu hiyo.

Wong hakubaki kuitazama MGM ikitengeneza China yake ya plasta. Januari mwaka 1936 alipanda meli kwenda China yenyewe.

Kijiji cha baba

Kabla ya kuondoka alijaza Fomu namba 430, ambayo kila Mmarekani mwenye asili ya China alilazimika kuijaza ili aruhusiwe kurudi. Fomu hiyo, kwa jina lake lenyewe, ilimtaja mwombaji kuwa mtu anayedaiwa kuwa raia. Alikuwa ameijaza kila aliposafiri, pamoja na maswali kuhusu kuzaliwa kwake, wazazi wake na mashahidi wake. Wasomaji wanaoishi ng'ambo na kupanga foleni katika ofisi za uhamiaji hawatahitaji maelezo zaidi.

Huko alikokwenda hakuwa raia pia. Hong Kong baadhi ya watu waliokuja kumlaki waligeuka na kumzomea kama kibaraka anayeidhalilisha China. Alizungumza lahaja ya kusini ya wazazi wake. Shanghai na Peking hakueleweka, akalazimika kumtegemea mkalimani na kuanza masomo ya Kichina cha kaskazini akiwa mtu mzima. Nanjing maofisa wa serikali walimwalika chakulani, kisha kwa saa kadhaa walisimama mmoja baada ya mwingine kumshutumu kwa filamu zake. Aliwajibu kwamba anayeanza kazi huchukua anachopewa, na kwamba amekuja kwao ili ajifunze, kwa matumaini ya kuieleza China vizuri zaidi.

Baba yake alikuwa amerejea kijijini kwao katika wilaya ya Taishan. Dobi huyo, aliyezaliwa California na aliyeaibishwa na kazi ya bintiye, alimpokea pamoja na kijiji kizima. Bi Wong alikuwa amemwajiri mpiga picha wa kufuatana naye, na filamu ya safari hiyo ilionyeshwa katika televisheni ya Marekani miaka ya 1950. Aliandika pia makala kwa gazeti la New York Herald Tribune. Katika kazi hizo ndimo anamoonekana bila ya mtu mwingine kumwandikia maneno.

Aliporudi, Paramount ilimpa filamu kadhaa za bajeti ndogo, na humo, pembeni mwa macho ya wakubwa, mambo yalilegea. Katika Daughter of Shanghai ya mwaka 1937 ni msichana jasiri anayewafichua wasafirishaji haramu wa wahamiaji, na mwishoni anachumbiwa na afisa wa serikali aliyeigizwa na rafiki yake wa utotoni, Philip Ahn, Mmarekani mwenye asili ya Korea. Katika King of Chinatown ya mwaka 1939 ni daktari wa upasuaji. Filamu hizo zilitoka haraka na zikasahaulika haraka. Ile ya kwanza iliingizwa katika orodha ya taifa ya filamu za kuhifadhiwa Marekani mwaka 2006.

Japani ilipoivamia China alipiga mnada nguo zake za filamu ili kuchangia misaada, na mwaka 1942 alitoa malipo yake ya filamu mbili za vita kwa ajili hiyo hiyo. Mwaka uliofuata Soong Mei-ling, mke wa kiongozi wa China Chiang Kai-shek, alipokelewa Hollywood kwa sherehe kubwa. Nyota wengi walialikwa. Wong hakualikwa.

Mwaka 1951 alikuwa Mmarekani wa kwanza mwenye asili ya Asia kuongoza mfululizo wa televisheni, The Gallery of Madame Liu-Tsong, akiigiza mfanyabiashara wa sanaa anayepeleleza uhalifu. Zilirushwa sehemu 10. Hakuna hata moja inayojulikana kuwepo leo. Mary alikuwa amejiua mwaka 1940, pombe ilikuwa imeshaliharibu ini la dada yake, na miaka mingi ya huzuni ilimweka mbali na watu.

Filamu yake ya mwisho ilikuwa Portrait in Black ya mwaka 1960, melodrama ya mtayarishaji Ross Hunter, ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa ametoa toleo jipya la Imitation of Life. Lana Turner ndiye bibi wa nyumba anayependwa. Wong ni mtumishi wake. Hunter alikuwa amempangia pia nafasi katika Flower Drum Song, filamu ya muziki ambayo karibu waigizaji wake wote wangekuwa na asili ya Asia. Tarehe 3 Februari mwaka 1961 alifariki dunia kwa mshtuko wa moyo nyumbani kwake Santa Monica, akiwa na miaka 56, na nafasi hiyo akapewa Juanita Hall, Mmarekani mweusi.

Mwaka 2022 Marekani iliiweka sura yake kwenye sarafu ya senti 25, ya kwanza kuwa na picha ya Mmarekani mwenye asili ya Asia. Mwaka 2023 Michelle Yeoh, mzaliwa wa Malaysia, alishinda Oscar ya mwigizaji bora wa kike, tuzo ile ile ambayo Rainer aliipata kwa kuwa Mchina wa bandia.

Mabaki ya Bi Wong yalizikwa katika kaburi la mama yake, kwenye makaburi ya Rosedale mjini Los Angeles. Juu ya jiwe limeandikwa jina la mama kwa herufi za Kiingereza. Pembeni, kwa maandishi ya Kichina, yapo majina ya mabinti wawili, Anna May upande wa kulia na Mary upande wa kushoto.